Maswali ya Wasomaji: Kumchagulia Mtoto Mdogo Programu na Michezo ya Kioo cha Kugusa

Barua tunazozijibu katika toleo hili zinahusu programu na michezo shirikishi, yaani ile inayoitikia pale mtoto anapogusa kioo cha simu au kishikwambi, kwa watoto ambao bado hawajaanza darasa la kwanza. Barua zilizofanana tumezijibu kwa pamoja, na nyingine tumezifupisha.

SWALI: Mhariri, mwanangu ana miezi 14. Shemeji yangu amemwekea katika simu programu ya herufi na wanyama, na anasisitiza kuwa mtoto anayeanza mapema huwatangulia wenzake shuleni. Mtoto anaifurahia kwelikweli: akimgusa ng'ombe na ng'ombe akalia, anacheka na kugusa tena. Mume wangu hataki mtoto aione simu kabisa. Nimsikilize nani? (Mama wa mtoto mmoja)

JIBU: Mama, kwa umri huo msikilize mumeo. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano, halipendekezi muda wowote wa kukaa mbele ya skrini kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili. Kuanzia miaka miwili hadi minne linasema muda huo usizidi saa 1 kwa siku, na ukipungua hapo ni bora zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikuwa kimetoa ushauri unaokaribiana na huo mwaka 2016: skrini ziepukwe hadi miezi 18, isipokuwa mazungumzo ya video na ndugu walio mbali, na baada ya hapo mzazi anayetaka kuanza achague vitu vyenye ubora na avitumie pamoja na mtoto.

Wengi hudhani kwamba ushauri huu unatokana na hofu ya macho au ya mionzi, lakini sababu yake kubwa ni namna mtoto wa umri huo anavyojifunza. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake katika mji wa Seattle, Marekani, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa miezi 9 kutoka familia zinazozungumza Kiingereza. Kundi moja lilikaa na watu waliowachezea na kuwasomea vitabu kwa Kichina; kundi jingine liliwaona na kuwasikia watu walewale, likipewa muda uleule, ila katika video. Waliokaa na watu halisi waliweza baadaye kupambanua sauti za Kichina ambazo hazimo katika Kiingereza. Waliotazama video hawakuwa na tofauti yoyote na watoto ambao hawakuwahi kuisikia lugha hiyo.

Ni kweli kwamba programu ya ng'ombe si video, kwa kuwa inamjibu mtoto. Anapogusa na kusikia sauti anatambua kwamba tendo lake limeleta matokeo, na hilo ni somo halisi katika umri wake. Hata hivyo, somo hilohilo analipata anapogonga sufuria kwa kijiko, na huko analipata kwa ukamilifu zaidi, kwa sababu sauti hubadilika kadiri anavyogonga kwa nguvu au polepole, kwenye mfuniko au ubavuni, ilhali ng'ombe wa kwenye simu hulia vilevile awe ameguswa kwa kidole, kwa kiganja au kwa pua. Kuhusu herufi, mtoto wa miezi 14 hana la kufanya nazo. Shemeji yako hana nia mbaya, na shauku yake isipotee bure: akae na mtoto sakafuni amwige ng'ombe yeye mwenyewe, amngoje mtoto ajibu, kisha aige tena. Kungojana huko ndiko kunakomfundisha mtoto mazungumzo.

SWALI: Nilifungua duka la programu nikaandika "michezo ya watoto", zikaja mamia kwa mamia. Karibu zote zimeandikwa kuwa ni za elimu, na nyingi zina zaidi ya nyota nne. Binti yangu ana miaka minne na nimekubali awe na nusu saa kwa siku. Nitumie kipimo gani kuchagua? (Baba wa binti)

JIBU: Ndugu yetu, neno "elimu" katika maelezo ya programu huandikwa na mtengenezaji mwenyewe, na mara nyingi hakuna aliyemtaka alithibitishe. Nyota nazo hutolewa na watu wazima, na wengi wao hupima jambo moja tu, kwamba mtoto alitulia. Kwa kipimo hicho, mchezo uliobuniwa makusudi usimwachie mtoto ndio utakaopata nyota nyingi kuliko yote.

Upo mchujo wa awali unaoweza kuutumia. Tangu mwaka 2020 Google Play huweka alama maalumu kwenye programu za watoto zilizopitiwa na walimu, na duka la Apple lina kundi la watoto lililogawanywa katika umri wa miaka 5 na chini, 6 hadi 8, na 9 hadi 11. Anzia huko, maana utaepukana na takataka nyingi, lakini usidhani kwamba kila kilichobaki kinamfaa binti yako.

Mwaka 2015 kundi la watafiti lililoongozwa na Kathy Hirsh-Pasek lilichapisha makala ndefu kuhusu swali hilihili lako, na kwa muhtasari lilishauri tujiulize mambo manne: kama akili ya mtoto inafanya kazi au kidole chake tu, kama anaachwa abaki kwenye jambo moja bila kuvurugwa, kama anachojifunza kina uhusiano na maisha anayoyajua, na kama mtu mwingine anaweza kushiriki. Juu ya hayo yote waliweka sharti kwamba mchezo uwe na lengo la kujifunza linaloeleweka. Mimi hulipa uzito mkubwa jambo la pili, kwa sababu ndilo linalovunjwa mara nyingi zaidi, na huvunjwa na vitu vilevile vinavyomvutia mzazi anapotazama picha za dukani: nyota zinazoruka, sarafu, vibandiko vya zawadi, makofi ya kila dakika.

Njia nzuri zaidi ya kujua ni kuucheza mchezo wewe mwenyewe, mtoto akiwa amelala, kwa dakika kumi hivi, na katika dakika hizo ukosee makusudi. Wazazi wengi hujaribu mchezo kwa kupatia, jambo ambalo haliwaonyeshi kitu, kwa kuwa michezo yote hushangilia jibu sahihi. Tuchukue mchezo wa maumbo wa kawaida kabisa. Juu kuna tundu la pembetatu. Chini kuna pembetatu, duara na mraba. Mtoto anaburuta umbo hadi kwenye tundu lake. Buruta mraba. Katika mchezo wa kwanza mraba utarudi taratibu mahali pake, halafu kingo tatu za tundu zitang'aa moja baada ya nyingine, ili mtoto azitazame na ajaribu tena; mtengenezaji huyo amefikiri. Katika mchezo wa pili mraba utapasuka kwa kishindo na nyani atachungulia akicheka. Mtoto wa miaka minne atagundua upesi kwamba kukosea kuna raha kuliko kupatia, na atapasua miraba mpaka muda wake uishe. Katika mchezo wa tatu umbo lolote utakaloliburuta litaingia, kwa sababu mtengenezaji hakutaka mtoto akasirike akaufunga mchezo. Hapo fataki zitarushwa kwa kazi ambayo haikufanyika. Michezo yote mitatu imeandikwa "elimu", na picha zake dukani zinafanana.

Vitabu vya hadithi vya kwenye kishikwambi navyo vipimwe kwa jicho hilohilo. Uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2015 na watafiti wa Uholanzi, ulionyesha kwamba picha zinazosogea na sauti zinazokwenda sambamba na simulizi humsaidia mtoto kuielewa hadithi, ilhali michezo midogo na sehemu za kugusagusa zilizopachikwa ndani yake humpotezea uelewa huo. Fikiria ukurasa ambapo msichana amepotea msituni na mama yake anamwita. Mama anapotamka jina la mtoto, kwenye kona kuna chura anayeruka kila akiguswa. Mtoto atamgusa chura mara kumi na tano, na ukimuuliza baadaye hadithi ilihusu nini, atakwambia ilihusu chura. Kitabu kizuri humulika kile kinachosimuliwa kwa wakati huo, kisha kinanyamaza.

Tazama pia namna mchezo unavyoisha. Fumbo la vipande likikamilika lina mwisho wake, na mchoro ukitimia umetimia. Lakini kuna michezo ambayo hatua moja ikiisha nyingine inaanza kabla mtoto hajavuta pumzi, na ipo ambayo ukitaka kutoka mhusika wake huanza kulia au kumsihi mtoto asiondoke. Programu inayomliza kikaragosi ili mtoto asiifunge ifute siku hiyohiyo, hata kama inafundisha hesabu vizuri.

Ukiniuliza aina ninazozithamini zaidi, nitataja zile zisizo na jibu moja sahihi: za kuchora, za kupanga matofali, za kuunda nyimbo, za kuwapangia wahusika kazi katika nyumba ya katuni. Huko mtoto ndiye anayeamua nini kitokee, na mzazi ana la kumuuliza. Kwa zile zenye masomo ya kupangwa, Khan Academy Kids, iliyotoka mwaka 2018 kwa watoto wa miaka 2 hadi 8, ni ya bure na haina matangazo, ingawa mtoto asiyejua Kiingereza atahitaji mtu wa kumtafsiria. ScratchJr, inayomwezesha mtoto kupanga vibonye vya picha ili wahusika watembee na kuzungumza, imetengenezwa kwa ajili ya umri wa miaka 5 hadi 7, kwa hiyo binti yako aisubiri kidogo. Usimjazie programu nyingi. Tatu au nne zinatosha kwa miezi kadhaa, kwani mtoto wa umri huo hujifunza kwa kurudia, na anayeruka kutoka programu moja hadi nyingine hafiki popote.

SWALI: Mchezo ukiwa na alama ya "3", maana yake ni kwamba mtoto wa miaka mitatu anaweza kuucheza? (Msomaji)

JIBU: La. Alama hizo husema nini hakimo ndani ya mchezo. Mfumo wa PEGI, ambao umetumika Ulaya tangu mwaka 2003 na una ngazi za 3, 7, 12, 16 na 18, hupima vitu kama ukatili, lugha chafu na mambo ya kutisha. Mchezo wa sataranji unaweza kupewa 3 kwa kuwa hauna lolote la kumdhuru mtoto, na bado mtoto wa miaka mitatu asiuelewe hata kidogo.

Kujua kama anaweza, tazama mikono yake. Kugonga kwa kidole na kutelezesha huja mapema. Kuburuta kitu bila kuinua kidole mpaka kifike ni kazi ngumu zaidi, na kutumia vidole viwili kwa pamoja ili kukuza picha ni ngumu kupita zote. Vitufe viwe vikubwa, wastani wa sentimita 2 kila upande, na visiwe kwenye ukingo wa chini, kwa sababu mtoto hukiegemeza kiganja hapo na kubonyeza vitu ambavyo hakukusudia. Maelekezo yatolewe kwa sauti, tena mafupi, na yarudiwe mtoto anapoyataka. Mchezo unaomwandikia maneno mtoto asiyejua kusoma haukumfikiria yeye.

SWALI: Mhariri, mimi ni babu. Mjukuu wangu wa miaka mitano alikuwa akicheza katika simu yangu mchezo wa bure wa kulea paka. Mwisho wa mwezi nikakuta nimekatwa fedha kwa ajili ya kitu kinachoitwa almasi. Mtoto anasema hakununua chochote, aligusa tu. Sitaki kumwadhibu. Nifanye nini, na kuna mchezo ambao ni wa bure kweli? (Babu wa wajukuu wawili)

JIBU: Shikamoo babu. Umefanya vyema kutomwadhibu, kwa sababu anasema kweli. Katika umri huo mtoto hana namna ya kujua kwamba almasi ya katuni ina uhusiano wowote na fedha za babu yake, na kitufe cha kununua mara nyingi hufanana kwa rangi na ukubwa na kitufe cha kumlisha paka.

Jambo hili limewahi kufika mbali. Mwaka 2014 tume ya Marekani inayosimamia haki za wateja ilifikia makubaliano na kampuni ya Apple, ambayo ilikubali kuwarudishia wateja dola milioni 32.5 kwa uchache, na baadaye mwaka huohuo na Google, kwa dola milioni 19 kwa uchache, kwa sababu ya manunuzi yaliyofanywa na watoto bila ridhaa ya wazazi. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba mzazi akishaandika nywila mara moja, mlango ulibaki wazi kwa dakika 15 upande wa Apple na hata 30 upande wa Google, na katika muda huo mtoto aliweza kununua bila kuulizwa tena.

Kwanza, babu, omba kurudishiwa fedha kupitia akaunti yako ya duka la programu, na ufanye hivyo mapema, maana ombi la mapema hushughulikiwa kwa urahisi zaidi. Pili, ingia katika mipangilio ya duka uchague kwamba kila ununuzi udai nywila, na nywila hiyo mjukuu asiijue. Ikiwa simu yako hufunguka kwa alama ya kidole, hakikisha kidole chake hakijasajiliwa. Tatu, kama hununui vitu kwa simu mara kwa mara, ondoa kabisa kadi au njia ya malipo iliyounganishwa na akaunti. Simu nyingi pia zina namna ya kuifunga skrini ibaki kwenye programu moja tu, ili mtoto asiweze kutoka na kuingia kwenye ujumbe wako au picha zako.

Kuhusu bure, ipo michezo ya bure inayotolewa na taasisi zisizotafuta faida na mashirika ya utangazaji ya umma. Iliyobaki mingi hulipiwa kwa matangazo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, katika makala iliyotoka mwaka 2018, walichambua programu 135 zinazotumiwa na watoto wa miaka mitano na chini, wakakuta matangazo ya aina fulani katika asilimia 95 ya programu hizo. Mengine yalikuwa ni video zinazokatiza mchezo, na mengine yalikuwa ni wahusika wa mchezo wenyewe wakimshawishi mtoto anunue. Mtoto wa umri wa mjukuu wako hawezi kutofautisha tangazo na mchezo. Akiambiwa na paka wake kwamba paka ana huzuni bila almasi, ataamini. Kwa sababu hiyo nashauri, pale inapowezekana, ulipie mara moja mchezo mmoja mzuri usio na matangazo wala manunuzi ya ndani.

Usipotaka kulipa, uweke mchezo ukiwa na intaneti, kisha uiweke simu katika hali ya ndege kabla ya kumpa mtoto. Matangazo mengi hukatika hapo hapo, na hakuna kinachoweza kununuliwa. Mchezo ukikataa kabisa kufunguka bila intaneti, ingawa hauna kitu chochote kinachoihitaji, jiulize ni nini unachokituma huko nje. Hali kadhalika mchezo wa kupaka rangi ukiomba ruhusa ya kujua mahali ulipo, au orodha ya watu uliohifadhi katika simu, ukatalie. Hakuna rangi inayohitaji habari hizo.

SWALI: Nina watoto watatu na kazi za nyumbani ni nyingi. Mdogo, ana miaka mitatu, nampa simu akianza kulia ili nimalize kupika. Tatizo ni wakati wa kuichukua: anajitupa chini na kupiga kelele kuliko alivyokuwa akilia mwanzo. Nimejaribu kumwonya mapema kwamba zimebaki dakika mbili, haikusaidia. (Mama wa watatu)

JIBU: Mama, hapa kuna mambo mawili ambayo ni vizuri tuyatenganishe.

La kwanza ni kumpa simu ili usimalizie jiko ukiwa umembeba. Hakuna anayepaswa kukulaumu kwa hilo, na waandishi wa makala za malezi wanaolaumu mara nyingi hupika wakiwa peke yao. Lakini angalia ni wakati gani unampa. Simu inayotolewa saa fulani ya kila siku, mtoto akiwa mtulivu, humfundisha kwamba saa hiyo ni ya mchezo. Simu inayotolewa akilia humfundisha namna ya kuipata. Utafiti wa Jenny Radesky na wenzake, uliotoka mwishoni mwa mwaka 2022 na kuwafuatilia wazazi 422 na watoto wao wa miaka 3 hadi 5, ulikuta kwamba kumtuliza mtoto kwa simu mara kwa mara kuliambatana na hasira zaidi na mabadiliko ya ghafla ya hisia katika miezi iliyofuata, hasa kwa wavulana na kwa watoto ambao tangu awali walikuwa wepesi wa kuhamaki. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi moja kwa moja kwamba simu ndiyo iliyosababisha, kwani watoto wagumu kutuliza ndio pia wanaopewa simu zaidi, lakini mtoto ambaye kila akikasirika anapewa skrini anakosa nafasi ya kujizoeza kutulia.

La pili ni namna ya kumaliza, na hapa utashangaa: onyo la dakika mbili ulilolijaribu halikushindwa kwako peke yako. Alexis Hiniker na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2016 kuhusu watoto wadogo na skrini, walikuta kwamba onyo hilo liliambatana na vurugu zaidi wakati wa kuzima. Mtoto wa miaka mitatu hajui dakika mbili ni kiasi gani. Anachosikia ni kwamba anakaribia kunyang'anywa. Kilichokwenda vizuri zaidi ni kumaliza kwa mazoea yale yale ya kila siku, na kumaliza pale ambapo kitu chenyewe kimefika mwisho. Kwa hiyo badala ya kuhesabu dakika, hesabu michezo: mafumbo mawili, au hadithi moja, kisha simu inarudi mahali pake. Hapo ndipo uchaguzi wa programu unapokusaidia au kukuponza, maana isiyo na mwisho haiwezi kukupa mahali pa kusimama. Zima pia ile mipangilio inayoanzisha video nyingine yenyewe baada ya iliyotangulia kuisha. Na uwe na kitu cha mkononi cha kumpa mara simu inapoondoka; ukimpa maharage ya kutenganisha au vifuniko vya kupanga karibu na unapofanyia kazi, na akawa amezoea kwamba hicho ndicho kinachofuata, kelele zitapungua, ingawa kwa siku za mwanzo atakujaribu.

Saa moja kabla ya kulala simu isiwepo kabisa. WHO inashauri mtoto wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na mtoto aliyekosa usingizi huo atalia kesho yake hata ukimpa mchezo bora kuliko yote.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea. Tumepata vishikwambi vitatu kwa darasa la watoto ishirini. Wenzangu wanataka tuwapangie zamu za mmojammoja, dakika tano tano. Una maoni gani? (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu, uhaba wa vifaa hapo unaweza kuwa faida yenu. Waketi wawili au watatu kwa kishikwambi kimoja, wakiwa na kazi moja ya kumaliza pamoja, kwa kuwa mtoto anayelazimika kumweleza mwenzake kwa nini umbo liende kushoto anafanya kazi kubwa kuliko yule anayelisogeza kimya kimya. Dakika tano ni chache mno. Mtoto atakuwa ndiyo kwanza ameelewa anachotakiwa kufanya. Bora zamu ndefu zaidi, siku chache kwa juma.

Chagueni programu inayoruhusu watoto wawili kugusa kwa wakati mmoja bila kuvurugika, na mjaribu hilo kabla ya kuwapa, kwa sababu nyingi hutambua kidole kimoja tu na watoto hugombana bila wewe kujua chanzo ni nini. Kamera iliyomo ndani ya kifaa msiisahau. Kuwatuma watoto wapige picha za vitu vitano vya duara uwanjani, kisha warudi wazipange na kuzieleza kwa maneno yao, ni kazi shirikishi kuliko programu nyingi za kununua, tena haina lugha ya kigeni ndani yake. Kwa zile zenye sauti, pendeleeni zinazokuruhusu kurekodi sauti yako mwenyewe, maana mtoto wa umri huo anajenga msamiati wa lugha anayoiongea kila siku, na matamshi yaliyokosewa na mashine huyaiga kama yalivyo.

SWALI: Mwanangu ana miaka minne na bado hajaanza kuongea. Mtaalamu wa lugha ametuwekea programu ya picha: akigusa picha ya maji, kishikwambi kinasema "maji". Ndugu wanasema atazidi kubweteka, na kwamba saa 1 ya siku imeshapita. Tukiweke wakati gani? (Wazazi wawili)

JIBU: Wazazi wapendwa, programu hiyo haihusiki na hesabu ya saa 1. Kwa mtoto wenu hiyo ni sauti yake, na inapaswa kuwa karibu naye tangu anapoamka hadi anapolala: mezani, safarini, kwa bibi yake. Tafiti za mawasiliano mbadala hazijaonyesha kwamba picha zinazosema humchelewesha mtoto kuongea. Kwa baadhi ya watoto maneno ya mdomoni yameongezeka.

Kama kifaa ni kimoja nyumbani, msiweke humo michezo, kwa kuwa mtoto akikikimbilia kwa ajili ya mchezo ninyi mtakiondoa, na mkikiondoa mtakuwa mmemnyamazisha. Kwa sababu hiyohiyo kisichukuliwe kamwe kama adhabu. Ninyi nanyi mkitumie mnapozungumza naye: mama anapomuuliza kama anataka maji, aguse picha ya maji huku akilitamka neno, ili mtoto aone namna inavyofanyika na asidhani kwamba ni kifaa cha kumpima. Mpeni muda wa kutosha wa kujibu, hata kama kimya kitawaonekea kirefu, na picha za watu na vitu vya nyumbani kwenu ziongezwe mapema kadiri mtaalamu atakavyowaelekeza.